Neno Linalorudi: Namna Ndege Zinavyopishana Angani

Mhadhara kwa wanafunzi na wakazi wa Mabibo, Dar es Salaam

  

Mimi ni mwongoza ndege mstaafu. Nikilisema hilo kwenye daladala, jirani yangu hugeuka na kuniuliza nilikuwa narusha ndege gani. Mwingine hudhani mimi ndiye yule mwenye kizibao cha manjano anayepunga vibao viwili ndege inapokuja kuegeshwa. Yule ana kazi yake, tena ya maana. Yangu ilikuwa kukaa kitini, spika masikioni na kalamu mkononi, nikizungumza na watu nisiowaona. Kuzungumza na kusikiliza, basi. Leo nimeitwa nieleze kwa nini ndege hazigongani, na jibu langu zima limo katika kazi hiyo ya mdomo na sikio.

Mtaa huu wenyewe ni darasa zuri. Miezi ya kusi, Juni na Julai, simama hapa Mabibo utazame upande wa Buguruni. Utaziona ndege zikishuka kutoka upande wa mjini, moja nyuma ya nyingine, kwenda kutua Uwanja wa Julius Nyerere. Ikifika Januari, kaskazi ikishika, utaona kinyume chake: zinaruka kuelekea mjini, na zinazotua zinaingilia upande wa Pugu. Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo, kwa hiyo pepo zile zile zilizoleta majahazi kutoka Arabuni na kuyarudisha ndizo mpaka leo zinazoamua mlango wa kuingilia uwanjani. Njia ya kurukia ni ile ile moja, yenye urefu wa mita 4,600, ila ina majina mawili: 05 ukielekea digrii 50, na 23 ukielekea digrii 230.

Mkiziona zimefuatana hivyo mkadhani zimejipanga zenyewe, mmekosea. Kila pengo mnaloliona kati yake limesemwa na mtu.

Tuanze na mtengano ulio rahisi kuueleza, ule wa juu na chini. Mnalijua Daraja la Kijazi pale Ubungo. Kabla ya mwaka 2021 magari ya barabara za Mandela na Morogoro yalikuwa yanagombea kipande kimoja cha lami, trafiki kasimama katikati na filimbi. Leo yanapishana kwa ngazi tatu, na dereva wa chini hana habari na aliye juu yake. Anga nayo imejengwa ngazi hivyo hivyo, ila hazionekani. Ndege inayoelekea nusu ya mashariki ya dira hupewa kimo cha hesabu witiri ya maelfu, inayoelekea nusu ya magharibi hupewa shufwa. Inayotoka Mwanza kuja Dar mathalani iko futi 35,000, na inayotoka Dar kwenda Mwanza iko 34,000. Hata zikikutana uso kwa uso juu ya Singida, kati yao pana futi 1,000, yaani kama mita 300.

Zamani kule juu kabisa, kuanzia futi 29,000, tulikuwa tunaacha futi 2,000, kwa sababu vipimo vya kimo havikuaminika hewa inapokuwa nyepesi. Septemba 2008 bara la Afrika likaingia kwenye utaratibu wa futi 1,000 hadi kimo cha futi 41,000. Usiku ule tulipata ngazi mpya sita bila kumwaga hata ndoo moja ya zege.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita haraka, nami nataka kukaa nalo kidogo. Kipimo cha kimo ndani ya ndege hakipimi urefu. Kinapima uzito wa hewa, kisha kinaugeuza kuwa futi. Hewa nayo haitulii: leo nzito, kesho nyepesi, Dar hivi, Dodoma vile. Marubani wawili wakiwa na vipimo vilivyorekebishwa tofauti, kila mmoja anaweza kuapa kwamba yuko futi 5,000 na wasiwe mahali pamoja, au mmoja akaapa 5,000 na mwingine 6,000 huku wanakaribiana. Hektopaskali moja ikikosewa ni takribani futi 30. Kumi ni futi 300. Nendeni soko la Mahakama ya Ndizi asubuhi muone watu wanavyogombana mizani ya mtu inapoonekana imechezewa. Kwa sababu hiyo, miongoni mwa mambo ya mwanzo ambayo rubani huambiwa akikaribia uwanja ni namba ya hewa ya siku hiyo, na lazima airudie. Akishapanda juu sana anaiacha hiyo ya mahali na kushika namba moja ya dunia nzima, 1013. Inaweza isiwe sahihi kwa hewa ya wakati ule, lakini wote wanakosea sawasawa, na hilo linatosha. Nimefundisha miaka mingi, na hapa ndipo wanafunzi hucheka halafu wakanyamaza.

Mtengano wa mbele na nyuma ndio ulionizeesha mimi. Nilipoanza kazi, rada ilikuwa neno tunalolisoma vitabuni. Mbele yangu palikuwa na ubao ulioinama, na juu yake vijikaratasi virefu vyembamba, kila ndege na chake, vimepachikwa kwenye vishikio vya plastiki. Jina la ndege, itokako, iendako, kimo, saa ya kufika kila kituo. Rubani anaita: nimepita Tabora saa fulani, kituo kinachofuata natarajia saa fulani. Unaandika. Mwingine nyuma yake kwenye kimo hicho hicho, unahesabu: je, kati yao zipo dakika 10? Zikiwa tisa, mmoja atapunguza mwendo au atabadili kimo. Anga nzima ya magharibi tuliiona kichwani, kwa hesabu ya saa.

Na saa zenyewe! Ndege za dunia nzima hutumia saa moja, ya Greenwich. Kwa hiyo ukutani imeandikwa 0600, saa yako ya mkononi inaonyesha 9:00, na mama anakupigia simu kukuuliza mbona hujala na saa tatu hii. Mtu mmoja, asubuhi moja, saa tatu tofauti kichwani, na zote za kweli.

Tulikuwa tunahudumia eneo kubwa kuliko wengi wanavyojua. Tanzania haikuishia kuongoza anga yake. Kwa miaka mingi ndege za juu zinazokatiza Rwanda na Burundi nazo zilikuwa zikizungumza na Dar es Salaam. Na ujuzi wa kazi hii tuliupata kwa njia ngumu. Kabla ya 1977 mambo ya anga yalikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na shule kubwa zilikuwa nje: waongozaji Nairobi, marubani Soroti. Jumuiya ilipovunjika tukabaki na viwanja bila shule. Chuo chetu cha usafiri wa anga hapa Dar kilianza 1986. Mamlaka ya Usafiri wa Anga yenyewe ilianza Novemba 2003. Na hapa Mabibo mna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, cha tangu 1975, ambacho siku hizi kinatoa mpaka mafundi wa ndege.

Sasa rada, maana najua mnaisubiri. Watanzania wengi walilisikia neno hili kwa mara ya kwanza kwenye habari za ufisadi. Mwaka 2001 ilinunuliwa rada kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Clare Short, waziri katika serikali ile ile ya Uingereza, aliipinga wazi. Benki ya Dunia ikasema ni ghali mno na haiendani na mahitaji yetu. Mwaka 2010 kampuni ile ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza vizuri hesabu zake za biashara ile, ikatozwa faini, na baadaye zikaja Tanzania pauni milioni 29.5, zilizonunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Kwa hiyo kuna mtoto mahali fulani aliyekalia dawati lililotokana na rada. Sijui nicheke au nilie. Aprili 2018 ndipo ulipozinduliwa rasmi mradi wa rada nne za kiraia, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa zaidi ya shilingi bilioni 67.

Rada imetusaidia nini? Imetuwezesha kupunguza mapengo. Pale tulipoacha dakika 10, ambazo kwa ndege ya jeti ni zaidi ya kilomita 140, mwenye rada anaweza kuacha maili 5 za baharini, na karibu na uwanja maili 3. Ila msiione maili 5 kuwa ni mbali. Ni kilomita 9 na kitu. Jeti mbili zinazoelekeana, kila moja ikila kilomita 15 kwa dakika, hulimaliza pengo hilo kwa sekunde zisizofika 20. Umeshika kikombe cha chai, umepuliza, umekunywa, umekirudisha mezani: zimeisha. Rada inakuonyesha doa likisogea. Haimwambii rubani kitu. Anayemwambia ni wewe, kwa mdomo, na hapo tumerudi pale pale tulipokuwa wakati wa vijikaratasi.

Kanuni ya mdomo ni hii. Mimi nikikupa kibali, wewe unanirudishia maneno yale yale, nami nasikiliza ulivyorudisha. Ni safari tatu: kwenda, kurudi, na kusikilizwa kurudi. Watu huisahau ya tatu.

Nami niliisahau siku moja. Ilikuwa uwanja mmoja wa bara, nitauacha bila jina, nami sijatimiza miaka miwili kazini. Nilimwambia rubani ashuke mpaka futi 9,000. Nilikuwa nimechoka, nikalitamka "nain" tupu, bila mkia. Akajibu vizuri kabisa, kwa sauti tulivu, kwamba anashuka mpaka 5,000. Mimi nilikuwa nimeinama naandika tisa kwenye karatasi, nikasema sawa. Katikati, kwenye futi 7,000, palikuwa na ndege ndogo inakwenda upande wake kwa amani. Mzee aliyekaa kiti cha pembeni, ambaye hata hakuwa zamu, aliinua macho kwenye gazeti akasema, "Mwanangu, amekurudishia tano." Nilimwita yule rubani mara mbili kabla sauti yangu haijatoka. Akasimama kwenye 9,000. Yule mzee akarudi kwenye gazeti lake, na mpaka leo hajawahi kunikumbusha.

Ndiyo maana kwenye redio zetu tisa husemwa "naina" na tano husemwa "faifu". Kwa Kiingereza cha kawaida maneno hayo mawili yakipita kwenye mkwaruzo wa redio hugeuka pacha. Wakati mwingine huwaza: je, tungeongoza kwa Kiswahili? Tano na tisa zisingetusumbua. Lakini sita na tisa zingetumaliza.

Kiingereza ndicho tunachotumia, na si cha kujidai. Kuna mtihani wa ngazi sita, na bila kufika ya nne hukai kwenye redio ya kimataifa, uwe rubani, uwe mwongozaji. Kiswahili kimejipenyeza mwishoni tu: rubani mgeni akishakabidhiwa kituo kingine husikika akisema "asante sana, kwaheri", naye hujibiwa "karibu tena". Haimo kwenye kanuni. Sijaona aliyepewa barua ya onyo.

Neno moja lililoteleza limewahi kuua watu 583. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, Tenerife, visiwa vya Kanari. Ukungu umefunga, jeti mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziko kwenye njia moja: ya KLM mwishoni imejipanga kuruka, ya Pan Am katikati inatafuta pa kuchepukia. Kutoka KLM ikasikika sentensi yenye neno la kuruka ndani yake, ambayo ingeweza kumaanisha "tuko tayari kuruka" na ingeweza kumaanisha "ndio tunaruka". Mnara ukajibu "sawa", kisha ukaongeza kwamba wasubiri. Sekunde ile ile Pan Am naye akabonyeza redio kusema bado wamo njiani. Sauti mbili zikigongana kwenye masafa mamoja hutoa mlio tu. KLM ilichosikia vizuri ni "sawa".

Mnaopanda daladala za Mabibo mnaijua hatari hii. Konda akisema "twende", je, anamwambia dereva aondoke, au anamhimiza mama mwenye kapu apande? Tangu Tenerife, neno la kuruka limefungiwa kabatini. Halitamkwi na yeyote mpaka mnara unapotoa kibali chenyewe cha kuruka, au unapokifuta. Kabla ya hapo mnasema kuondoka, mnasema kuwa tayari.

Na pale mwanadamu akishindwa? Ndege kubwa za leo zina kifaa kinachozungumza na kifaa cha ndege nyingine bila kutuuliza sisi. Zikikaribiana mno, kimoja kinamwambia rubani wake panda, na cha pili kinamwambia wa kwake shuka. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, kifaa kilimwambia rubani wa ndege ya Kirusi iliyojaa watoto wa shule apande. Mwongozaji wa Zürich, aliyekuwa peke yake akihudumia meza mbili, simu kuu imezimwa kwa matengenezo, alikuwa ameshamwambia ashuke. Rubani akamtii binadamu. Ndege ya mizigo upande wa pili ikakitii kifaa, nayo ikashuka. Zikagongana, wakafa wote 71. Mwongozaji yule aliuawa mlangoni kwake mwaka 2004 na baba aliyempoteza mke na watoto.

Baada ya hapo ubishi ukaisha: kifaa kikisema, rubani anakifuata kifaa, na mimi nanyamaza mpaka aniambie amemaliza. Kwa mtu wa kazi yangu, kufundishwa kunyamaza hakukuwa kwepesi.

Lakini ndege ndogo nyingi hazina kifaa hicho. Zenyewe hutegemea macho, na macho yana ujanja wake. Nahodha yeyote wa jahazi atakwambia: chombo kinachosogea pembeni kwenye upeo wa macho kitakupita, kile kinachokaa pale pale huku kikikua ndicho kitakachokugonga. Ndivyo ilivyo angani. Ndege itakayokugonga haisogei kwenye kioo. Inakaa kama doa la mdudu, inakuwa doa kubwa, na wakati jicho linaamka dirisha limejaa. Tarehe 5 Machi 2024, juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, Dash 8 ya Safarilink iliyotoka uwanja wa Wilson kwenda Diani na watu 44 iligongana na Cessna 172 ya shule ya urubani. Dash ilirudi ikatua salama. Wawili waliokuwamo kwenye Cessna kwa mafunzo walikufa. Wilson ni mahali ambapo anayejifunza kutua na anayepeleka watalii pwani wanatumia anga moja kwa saa moja. Sisi pia tunapo: kati ya hapa na uwanja wa Kisauni, Unguja, zipo kilomita kama 70 tu, dakika 20, na ndege ndogo aina ya Caravan hupishana humo mchana kutwa na jeti kubwa zinazoingia viwanja vyote viwili.

Hapo ongezeni jambo la mawimbi. Mtumbwi wa mvuvi ukikatiza nyuma ya boti ya Unguja hupigwa mawimbi baada ya boti kuondoka. Ndege nzito nayo huacha nyuma ya mabawa yake hewa inayozunguka, isiyoonekana. Caravan ikitaka kuruka nyuma ya Dreamliner kutoka mwanzo ule ule wa njia, mnara unaishikilia dakika mbili. Abiria ndani wananung'unika, njia wanaiona nyeupe. Nyeupe, ndiyo.

Kijana mmoja aliniandikia kabla ya leo akiuliza: na pale ambapo hakuna wa kuzungumza naye? Swali zuri, maana mahali hapo papo, na si mbali. Kuna sehemu za Kongo ambako redio za ardhini kwa miaka mingi zimekuwa hazisikiki vizuri. Ikatafutwa dawa. Yapo masafa ya 126.9, na kila rubani akiingia kwenye maeneo hayo anajitangaza hewani kwa wote wanaosikia: mimi fulani, natoka huku, naelekea kule, kimo changu hiki, nitakatiza mahali fulani saa fulani. Anayesikia na kuona njia zao zinakutana anajibu, wanapatana wenyewe. Nimewahi kukaa nyuma ya marubani usiku, nikasikiliza. Giza tupu chini, msitu mpaka Kisangani, na sauti kutoka kila upande zikijitaja majina kama watu wanaopishana kwenye korido umeme umekatika.

Tatizo kubwa zaidi ni kinyume chake, wanapokuwa wawili wanaotaka kuzungumza nawe. Huduma kamili ya kuongoza ndege iliporejea kwenye anga ya Somalia Januari 2023, baada ya miaka zaidi ya 30, tulifurahi. Mwaka uliofuata marubani wakaanza kuripoti sauti nyingine kwenye masafa yale yale, ikiwapa maagizo yanayopingana na ya Mogadishu, kwa sababu ya ugomvi na utawala wa Hargeisa. Siasa siigusi. Lakini rubani aliye juu futi 38,000 hawezi kuomba vitambulisho.

Swali la mwisho nililopewa ni kama tunajuana kwa sura. Hatujuani. Nilizungumza na rubani mmoja wa ndege ndogo kwa miaka 11, nikajua akiwa na mafua, nikajua alipopata mtoto kwa jinsi alivyokuwa akiwahi kurudi, wala sikujua mrefu au mfupi. Nimeshastaafu, Jumamosi moja niko hapo Mahakama ya Ndizi nachagua mkungu, nikasikia nyuma yangu mtu anapatana bei. Muuzaji anasema elfu kumi na tano. Yule mtu akamjibu: "Elfu kumi na tano, mkungu mmoja, ndizi mshale, na unanipakilia kwenye gari." Muuzaji akamshangaa. Mimi nilitaja namba ya ndege yake bila kugeuka.